Matuta ya Sista Benadeta

Simu ya Yustina ilinikuta nimekaa barazani nachambua mchele, na nilipoona jina lake nilijua kabla hajasema. Yustina si mtu wa kupiga simu asubuhi. Hupiga jioni baada ya kula, akaanza na salamu na kuzimaliza zote, zangu, za watoto, za wajukuu, hata za majirani zangu ambao hajawahi kuwaona, ndipo afike kwenye jambo lake. Siku hiyo salamu zilikuwa moja tu. "Shikamoo mwalimu. Sista ametutoka." Nikamwuliza lini. Akasema alfajiri, kule kule kwenye nyumba ya masista wazee, na mazishi ni Alhamisi. Nikasema nitakuja. "Mwalimu, na magoti yako hayo?" Nikamwambia magoti yangu nitayabeba kama yeye atakavyobeba yake, maana na yeye si mtoto tena, ni muuguzi mstaafu mwenye wajukuu, ila mimi kila nikisikia sauti yake namwona ana miaka tisa, amevaa gauni la shule lililoshonwa kubwa ili alikulie. Nilipokata simu nikarudi kwenye ungo wangu, nikajikuta natupa mchele na kubakiza mawe.

Mambo ya nilikozaliwa na nani alinilea nimeyasema kwingine, sitayarudia hapa. Inatosha mjue kwamba mwaka ninaousimulia nilikuwa msichana wa mjini Sumbawanga, wa nyumba ya duka, Mwislamu, na cheti changu cha ualimu kilikuwa bado kinanukia wino. Nilitegemea kupangwa mjini, nifundishe mchana na jioni nirudi kwetu kula wali. Nikapangwa shule ya msingi ya misheni, huko juu kwenye uwanda, mahali ambapo lori la chumvi na sabuni lilifika likipenda. Serikali ilikuwa imeshazichukua shule za makanisa, kwa hiyo kwenye karatasi shule ile ilikuwa ya umma na Mwalimu Mkuu alitumwa na wilaya kama mimi. Lakini bweni la wasichana wanaotoka mbali lilikuwa bado mikononi mwa masista, na mtu akitaka kujua hali ya mtoto yeyote pale, awe wa bweni au wa kutwa, hakwenda ofisini. Alikwenda kwa Sista Benadeta. Nilishuka kwenye lori mwezi wa Januari, mvua imekolea, nimevaa viatu vya kisigino. Kiatu cha kushoto kilibaki kwenye tope. Mtu wa kwanza kunipokea alikuwa Sista mwenyewe, mama mfupi mnene mwenye kilemba cheupe, ameshika kiatu changu mkononi, anakipangusa kwa aproni yake na kuniambia, "Karibu, mwalimu. Hiki tutakiweka kabatini mpaka kiangazi."

Walinipa chumba kilichopakana na chumba cha cherehani. Ukuta kati yetu ulipanda kidogo kupita kichwa cha mtu mrefu, ukaishia hapo, na juu kulikuwa wazi mpaka kwenye boriti. Harufu ya mafuta ya cherehani na pasi ya mkaa iliingia kwangu bila hodi, na maneno vivyo hivyo. Baridi ya Ufipa mtu hasimuliwi akaielewa. Nililala na mablanketi matatu na bado niliota nimeketi jikoni kwa mama. Chakula nilikula na Sista, kwenye meza ndogo karibu na dirisha: ugali wa ulezi, maharage, na msimu wa mvua uyoga ambao watoto waliokota porini. Misheni ilifuga nguruwe. Siku ya kwanza niligusa sufuria kwa kijiti, nikainusa kama paka. Sista hakuniuliza kitu. Kesho yake nilikuta sufuria mpya na sahani mpya, zote zimefungwa uzi mwekundu kwenye mpini na ukingoni, na jikoni nzima ilikuwa imeambiwa kwamba vyenye uzi mwekundu ni vya Mwalimu Rukia na havikutani na vingine hata kwenye beseni la kuoshea. Saa sita, kengele ikilia na watoto wakisimama kusali sala yao, nami nilisimama kimya mikono mbele, nikisema yangu moyoni. Nakumbuka mtoto mmoja alinong'ona kwa mwenzake kwamba mwalimu mpya hajui sala, na mwenzake akamjibu, "Anajua, ila yake haina sauti."

Sista alikuwa na namna yake ya kulea ambayo sikuifundishwa chuoni. Jumamosi asubuhi watoto walijipanga ukutani juani, yeye akiwa na pini, sindano na kopo la dawa, akawatoa funza, akawakata kucha, akawachungulia masikio. Wakati anashika mguu wa mtoto alimwuliza swali moja tu, na halikuwa amejifunza nini wiki hii. Alimwuliza, "Umecheka na nani?" Mtoto akitaja jina, vizuri. Mtoto akifikiri sana, Sista alimweka akilini. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na daftari langu la maksi na nilikuwa naona anapoteza muda, kwa sababu miaka hiyo nilikuwa naamini kila kitu cha maana kinaweza kuandikwa juu ya kumi.

Halafu kulikuwa na matuta. Mwezi wa Februari, majani yakiwa yamefika kifuani, Sista aliwapeleka watoto wote nyuma ya kanisa, kila mmoja na jembe lake, akampa kila mmoja kipande chake. Wafipa wanalima kwa matuta ya mviringo. Wanafyeka majani, wanayakusanya, wanayafunika kwa udongo uliogeuzwa juu chini, mpaka kunakuwa na kichuguu kinachofika magotini, na ndani yake majani yanaoza taratibu. Juu wanapanda maharage. Mwaka unaofuata tuta linafumuliwa na pale pale panapandwa ulezi, kwenye udongo mweusi uliolainika. Kila mtoto wa shule alikuwa na tuta lake moja. Alipanda alichotaka. Mwenzake haruhusiwi kuligusa na mwalimu haruhusiwi kulipa maksi. Jioni, kabla ya uji, Sista alipita humo akichuchumaa kwenye tuta hili dakika tano, kwenye lile dakika kumi, yeye na mtoto wote wanatazama udongo na kung'oa magugu. Nikiwa kwenye dirisha langu nilimwona mgongo tu. Nilidhani anawafundisha kilimo.

Yustina alikuwa darasa la tatu, darasa langu. Alitoka Muze, chini kule kuelekea ziwani, kwenye joto, na alipandishwa huku na baba yake mdogo baada ya mama yake kufariki. Alikuwa mtoto mwembamba, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu, na alikuwa hasemi. Hakuwa bubu, wenzake walisema usingizini huzungumza. Ila ukimsimamisha asome kwa sauti, alisimama, akakifungua kitabu mahali penyewe hasa, akakitazama, akanyamaza mpaka darasa zima likaanza kukohoa. Nilimpa sifuri. Wiki iliyofuata nilimpa sifuri nyingine. Nasema hivi bila kujipamba: nilidhani ni kiburi, na nilidhani sifuri ni dawa ya kiburi.

Mwishoni mwa Machi nilikuwa nimejifunika mablanketi yangu nasahihisha hesabu, nikasikia upande wa pili wa ukuta sauti ya Mwalimu Mkuu. Alikuwa mtu wa haki, mwenye suti moja ya kijivu iliyopigwa pasi hadi ikang'aa, na alisema kila jambo kana kwamba anaandika barua. "Sista, nafasi za bweni ni chache. Nina watoto sita wanasubiri. Huyu wa Muze miezi mitatu hajajibu swali hata moja. Mwalimu Rukia ana sifuri zake zote zimeandikwa. Na baba yake mdogo ameleta ujumbe, anamtaka arudi akamshikie watoto, mkewe anaumwa." Cherehani ilisimama. "Akirudi Muze hatapanda tena huku, Mwalimu Mkuu. Tunajua wewe na mimi." "Najua. Ndiyo maana nimekuja kukuuliza, sijaja kukuambia." Sista akasema, "Nipe mpaka likizo ya Juni." "Na Juni asipojibu?" "Asipojibu nitamshusha mwenyewe, kwa miguu yangu." Mimi nilisikia jina langu likitajwa na sifuri zangu zikithaminiwa, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Aprili ikaja habari kwamba Bwana Shamba wa wilaya anapita shuleni kuona Elimu ya Kujitegemea inatekelezwaje. Mwalimu Mkuu alitukusanya akasema mazingira yawe nadhifu. Sista hakuwepo. Alikuwa mjini hospitalini na mtoto aliyeshikwa na homa ya mapafu. Nilitoka nikaenda nyuma ya kanisa na kwa mara ya kwanza nikayatazama yale matuta kwa karibu, na mimi mtoto wa duka, ambaye jembe nililijua likiwa limening'inia kwenye msumari na bei yake, nikaona vichuguu vya majani machafu, kimoja kikubwa kimoja kidogo, havina mstari. Chuoni tulikuwa tumeonyeshwa picha ya shamba la kisasa, matuta marefu yaliyonyooka kama mistari ya daftari. Nikalileta darasa langu. Nikawaambia, "Hizi ni takataka mmefukia. Fumueni zote, mpige mistari."

Wale watoto walijua. Hiyo ndiyo sehemu ambayo mpaka leo nikiikumbuka huwa naacha ninachofanya. Watoto thelathini na kitu wa wakulima, ambao tangu wanabebwa mgongoni walijua kwamba tuta halifumuliwi majani yakiwa mabichi, walinitazama, wakatazamana, halafu wakapiga viganja vyao polepole kama wanavyofanya kumsalimu mkubwa, wakakunja magoti kidogo, wakasema, "Ndiyo, mwalimu." Hakuna hata mmoja aliyesema neno jingine. Na wa kwanza kuinua jembe alikuwa Yustina. Tuta lake lilikuwa na maharage yaliyoanza maua, meupe. Aliyang'oa shina moja moja, akayaweka pembeni kwa heshima, akalifumua tuta, akatandaza majani nusu mabichi nusu meusi, akapiga mstari ulionyooka kuliko wote. Nikamsifu mbele ya wenzake. Nikamwambia, "Vizuri sana Yustina, leo umepata kumi juu ya kumi." Ilikuwa ndiyo mara yangu ya kwanza kumsifu.

Bwana Shamba alifika na Landrover yake, akanywa chai, akalitazama shamba kupitia dirisha la ofisi, akasema pazuri, akaondoka.

Sista alirudi siku ya pili. Nilimwona amesimama nyuma ya kanisa, mkoba bado uko begani. Alipokuja mezani alinisalimia kama kawaida, akanipakulia kutoka kwenye sufuria yangu, akaniuliza kama mvua ilinyesha. Nikangoja anisifu kwa usafi wa shamba. Hakunisifu wala hakunikaripia. Jioni niliona anapita kwenye ile mistari na watoto wamesimama tu, mikono mgongoni, hawajui wachuchumae wapi. Na usiku ule kabla ya kengele ya kulala nilimsikia ukutani anazungumza na Yustina kwa Kifipa, sauti ya chini, swali, halafu anangoja, swali, halafu anangoja. Hakukuwa na jibu. Siku tatu baadaye mpishi alikuja kusema mtoto wa Muze anarudisha uji bila kuunywa.

Nikamfuata Sista kwenye chumba cha cherehani. Nilisema maneno mengi, kwamba sikujua, kwamba niliambiwa mazingira yawe nadhifu, kwamba ni maharage tu. Alikata uzi kwa meno, akageuka. "Yustina alikuwa anasema, mwalimu. Tangu mwezi wa tatu. Kila jioni kidogo, pale tutani, hanitazami, nami simtazami. Alikuwa ananieleza habari za mama yake alivyougua. Tulikuwa tumefika siku ya msiba." Akavuta uzi mwingine. "Pale ndipo palipokatika." Nikamwuliza kwa nini basi hakuna hata mtoto mmoja aliyeniambia. "Wewe ni mkubwa. Mtoto wa Kifipa hamwambii mkubwa kwamba amekosea, tumemfundisha hivyo tangu anyonye. Ni adabu yetu, na mara nyingine ni ugonjwa wetu." Nikaanza kulia, na sikulia kwa ajili ya mtoto, nililia kwa aibu. Yeye alijua tofauti yake. Alinipa kitambaa nifute uso, halafu akasema, "Lima tuta lako."

Basi nikalima. Mvua zilikuwa zinaishia, udongo bado ulikuwa laini, na kila jioni baada ya vipindi nilikwenda nyuma ya kanisa na jembe la kuazima, mikono ina malengelenge, kanga imefungwa kiunoni. Watoto walipita, wakakunja magoti, wakasema, "Pole na kazi, mwalimu. Hongera, mwalimu." Tuta langu lilikuwa linabomoka kila siku. Nilikuwa nafunika majani yakiwa yametazama juu, kwa hiyo yaliendelea kukua na kulisukuma tuta upande. Wote waliona. Wote walinipongeza. Siku ya nne nilikuwa nimekaa chini kwa uchovu, nikaona miguu miwili myembamba. Alikuwa Yustina. Alichukua jembe mkononi mwangu, akalifungua tuta zima, akageuza majani kichwa chini, akafunika kwa udongo kutoka pembeni, akalipigapiga kwa kiganja. Halafu akachuchumaa. Nami nikachuchumaa. Nikamwambia nikitazama udongo, "Nilikosea, Yustina. Ulikuwa unajua na mimi nilikuwa sijui." Kesho yake alikuja na mbegu za maharage kwenye upindo wa gauni.

Nilitamani niandike hapa kwamba tangu siku hiyo alisema. Hakusema. Jioni zote za Mei tulichuchumaa pamoja, na aliyesema alikuwa mimi. Nilimweleza habari za mjini, za paka wa dukani aliyelala kwenye gunia la sukari wakati sukari ilipokuwa inapatikana, za jinsi nilivyoogopa usiku wa kwanza pale misheni. Nilimweleza habari za bibi yangu aliyefariki nikiwa na umri kama wake, na kwamba hawakuniacha nimwone. Hiyo sikuwahi kumwambia mtu. Alikuwa anang'oa majani na kusikiliza. Uji alianza kunywa tena. Kwa Sista alirudi kusema kidogo, maneno mawili matatu. Darasani hakufungua mdomo, na mimi niliacha kumwandikia sifuri, nikaacha nafasi yake wazi. Juni ilikuwa inakuja na nilikuwa nahesabu wiki kama mtu mwenye kesi.

Baba yake mdogo alifika siku moja kabla ya shule kufungwa, na baiskeli, na furushi la samaki wakavu kwa ajili ya Sista. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Akawa mtu mpole, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, aliyekunja magoti kwa kila mtu hata kwangu niliyekuwa na umri wa binti yake. Tulikaa ofisini, Mwalimu Mkuu, Sista, yeye na mimi. "Mimi sikatai shule, mwalimu," alisema. "Mama watoto hajiwezi. Wadogo watatu. Na hapa nasikia mtoto hasemi. Kama hasemi, si bora asiseme nyumbani, na kazi inakwenda?" Yustina akaitwa. Akasimama katikati ya zile suruali na kanzu za watu wazima, akatazama vidole vyake vya miguu. Mwalimu Mkuu akamwuliza kwa upole kabisa, "Jina lako nani?" Saa ya ukutani ikapiga mapigo yake. Akamwuliza tena. Sista alikuwa amefumba macho. Mwalimu Mkuu akashusha pumzi, akachukua kalamu.

Nikasikia sauti yangu inasema, "Mwalimu Mkuu, kosa ni langu." Nikamweleza yote, matuta, Bwana Shamba, maua ya maharage, kumi juu ya kumi. Kalamu ikabaki hewani. "Mwalimu Rukia, haya hayamo kwenye daftari lako." "Hayamo, kwa sababu niliyeyafanya ni mimi na niliyeandika daftari ni mimi." Halafu nikamwomba jambo ambalo msichana wa miaka ishirini hakuwa na haki ya kumwomba mkuu wake: tutoke nje, twende kwenye tuta, na tumwulize huko. Akatazama viatu vyake. Akatazama suti yake. Sista alikuwa ameshasimama.

Upepo wa Juni ulikuwa unapiga mpaka machozi yanatoka. Tuta letu lilikuwa peke yake kwenye kile kiwanja, maharage mabichi bado, yamechelewa. Yustina akachuchumaa upande wake. Nikachuchumaa. Sista akajishusha kwa kuugua. Baba mdogo alichuchumaa mara moja, kama mtu aliyefika kwake. Mwisho kabisa Mwalimu Mkuu akapandisha suruali kidogo magotini, akachuchumaa, na sote watano tukawa tunatazama udongo. Nadhani ni yeye aliyeelewa kuliko mimi, maana hakumtazama mtoto na hakumwuliza jina. Aliokota bonge, akalivunja kwa vidole, akauliza kana kwamba anauliza tuta lenyewe: "Eti ni kweli mwalimu alilivunja tuta lako?"

Yustina aling'oa jani lililokauka. Akaliviringisha. "Nililivunja mwenyewe," akasema.

Sauti ilikuwa safi, nzito kidogo kuliko nilivyodhani. Baba yake mdogo alipiga viganja vyake taratibu, mara tatu, akainamisha kichwa na nikaona mabega yanatikisika. Mwalimu Mkuu akainuka, akajikung'uta magoti. "Basi amejibu," akasema. "Nilisema ajibu, na amejibu. Atabaki." Sista alikuwa ananitazama mimi, hamtazami mtoto. Alijua kitu nilichokuwa nakisikia. Mtoto wa miaka tisa, neno lake la kwanza mbele ya wakubwa, alilitumia kunisitiri mimi. Na jembe lilikuwa kweli mikononi mwake siku ile, kwa hiyo hata uongo hakuusema.

Mwezi wa Novemba alisoma kwa sauti ukurasa mzima, nami nikatoka nje ya darasa kidogo, nikajidai natafuta chaki. Mwaka uliofuata nikahamishwa, nikaolewa, nikafundisha shule saba katika maisha yangu, na katika kila moja nilichuchumaa sana, ndiyo maana magoti haya. Yustina akawa muuguzi. Tumesaidiana kuzika wazee na waume. Mara tatu katika miaka hiyo yote nilijaribu kumwambia tena kwamba tuta lake nililivunja mimi. Siku aliyomaliza mafunzo yake, siku ya harusi ya mwanangu, na siku nilipokuwa nimelazwa na yeye ndiye aliyenigeuza kitandani. Kila mara alicheka, akanishika mkono, akasema, "Mwalimu na wewe! Hayo yalishapita. Na nililivunja mwenyewe." Nikawa sijui kama amesahau, au amenisamehe, au bado ananikunjia magoti.

Alhamisi tulimzika Sista kwenye makaburi ya masista, kwenye udongo ule ule mweusi. Watu walikuwa wengi, wazee wenye mikongojo ambao Jumamosi fulani alishika miguu yao. Waliimba, wakaweka mashada, wakaanza kushuka kwenda kula. Yustina alibaki nyuma. Alikuwa ameona bonge kubwa limekaa vibaya pembeni mwa kaburi, na akachuchumaa alilainishe. Nikamwegemea bega nikajishusha karibu naye, na magoti yangu yakalalamika mpaka akacheka. Tukawa tunapangusa udongo. Kelele za sahani zilisikika kwa mbali. Nilikuwa sijamwuliza chochote, na siku hiyo sikukusudia kumwuliza.

"Mwalimu," akasema, hanitazami. "Ulilivunja wewe."

Nikaacha mkono wangu pale ulipokuwa.

"Yale maharage ya kwanza yalikuwa mbegu za mama. Nilikuja nazo kutoka Muze, kwenye fundo la kitenge. Ulisema takataka, mbele ya wote, halafu ukanisifu. Nilikuchukia, mwalimu. Hata pale tulipokuwa tunapanda pamoja nilikuwa nakuchukia. Mpaka darasa la sita."

Sikujua mbegu zile zilikuwa za mama yake. Miaka yote hiyo sikujua. Pamoja na uchungu ikanijia furaha ambayo sikuitegemea, kwa sababu mwanamke huyu mwenye mvi alikuwa ananiambia mimi mkubwa wake kwamba nilikosea, kwa sauti yake mwenyewe, bila kukunja goti.

"Pole, mwanangu," nikasema. "Nilikosea."

"Ahsante, mwalimu," akasema Yustina, na hakuniambia kwamba yalishapita.